Ponchielli, Arban, Brandt, Böhme au Enescu: kuchagua kazi ya mapema kwa tarumbeta la vali

Mpiga tarumbeta anayetaka kusimama mbele ya watu na kupiga peke yake, akisindikizwa na piano, okestra au bendi, mara nyingi huelekezwa moja kwa moja kwenye konseto ya Joseph Haydn, yaani kazi ndefu ya chombo kimoja kikisindikizwa na okestra. Konseto hiyo ni nzuri na inastahili heshima yake yote, lakini haikuandikiwa tarumbeta lililo mkononi mwake. Haydn aliitunga mwaka 1796 kwa ajili ya Anton Weidinger wa Vienna, ambaye tarumbeta lake halikuwa na vali, yaani milango midogo ya kubonyeza inayoongeza urefu wa bomba, bali lilikuwa na matundu ubavuni, yaliyofungwa na kufunguliwa kwa vibonyezo. Johann Nepomuk Hummel naye alimtungia Weidinger konseto mwaka 1803 kwa chombo cha namna hiyo hiyo. Vali zilikuja baadaye, pale Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipopewa hataza ya pamoja huko Prussia mwaka 1818. Kwa hiyo anayetafuta muziki ulioandikiwa vali, tena ulioandikwa wakati chombo hicho kilipokuwa bado kipya, hana budi kutazama kwingine, na atakachokikuta ni kidogo kuliko anavyodhani.

Ninalinganisha hapa kazi za watunzi watano waliofanya kazi kati ya miaka ya 1860 na mwaka 1906. Ndizo ambazo mwanafunzi aliyekwisha kuzoea chombo chake atazikuta akianza kutafuta, na uchaguzi kati yake hufanywa mara nyingi kwa kufuata umaarufu wa jina. Sioni kwamba umaarufu unamsaidia mpigaji. Kinachomsaidia ni kujua mtunzi alikusudia chombo gani, kazi inadai nini kwa midomo na ulimi, na ni nani atakayemsindikiza siku ya kupiga.

Kwanza ni vyema ieleweke kwa nini kazi hizi ni chache. Vali zilipotokea, watunzi wengi wakubwa waliendelea kuliandikia tarumbeta zile sauti chache za asili ambazo bomba lisilo na vali lilizitoa tangu zamani, nalo likabaki katika okestra kama chombo cha kutangaza na kutilia mkazo. Tarumbeta la vali lililotumika sana katika okestra za karne ya 19 lilikuwa la F (matarumbeta hutajwa kwa noti ya msingi inayosikika vali zisipobonyezwa), lenye bomba la urefu wa karibu mita 1.9, ilhali tarumbeta la B flati la leo lina karibu mita 1.4. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito mkubwa kwa mpigaji wa peke yake. Bomba likiwa refu, sauti zake za asili husongamana zaidi katika eneo ambalo wimbo hupigwa, na midomo ikikaza kidogo tu kupita kiasi, noti ya jirani hutoka badala ya ile iliyokusudiwa. Sauti ya tarumbeta la F ilikuwa pana na ya kifahari, lakini kulipiga kwa wepesi mbele ya hadhira kulikuwa jambo la hatari.

Nafasi hiyo ikachukuliwa na koneti, ndugu wa tarumbeta, iliyotokea Paris mwishoni mwa miaka ya 1820. Bomba la koneti ni fupi na hupanuka taratibu kwa sehemu kubwa ya urefu wake, hivyo sauti yake ni laini na ulimi hutembea juu yake bila shida. François Dauverné, aliyefundisha tarumbeta katika Conservatoire ya Paris, chuo cha muziki, kuanzia mwaka 1833, alijitahidi sana kulipatia tarumbeta la vali heshima yake, lakini hata mwanafunzi wake mashuhuri kuliko wote, Jean-Baptiste Arban, alijijengea jina kwa koneti, na mwaka 1869 akawa mwalimu wa darasa la koneti katika chuo hicho hicho. Ndiyo maana ulinganisho wowote wa haki kuhusu muziki wa mapema wa vali lazima umhesabu Arban, ingawa hakuandika kwa tarumbeta. Vali za pistoni alizozibuni François Périnet huko Paris mwaka 1839 ndizo zilizomo katika koneti na katika matarumbeta mengi yanayopigwa leo, na vidole havioni tofauti vinapohama kutoka chombo kimoja kwenda kingine.

Nianze basi na Arban. Kitabu chake kikubwa cha mafunzo kilitoka mwaka 1864, na mwishoni mwake aliweka fantasia na nyimbo 12 zenye mageuzi, yaani wimbo mmoja unaorudiwa kwa mapambo tofauti, ya mwisho ikiwa ni Kanivali ya Venice. Wimbo wenyewe ni wa watu wa Italia, na Niccolò Paganini alikwisha kuutungia mageuzi ya fidla kabla yake. Kwa mwenye tarumbeta la B flati, noti zake zimeandikwa katika F meja, ufunguo usio na mtego wowote kwa vidole, na wimbo wa msingi ni mwepesi kiasi kwamba mtu mwenye mwaka mmoja wa mazoezi mazuri anaweza kuupiga akapendeza. Ugumu unaanza mageuzi yanapofika. Arban aliwafundisha wanafunzi wake kugawa ulimi kwa silabi: „tu-ku" kwa noti zinazokwenda mbili mbili, na „tu-tu-ku" kwa zinazokwenda tatu tatu, na bila silabi hizo kutoka zikiwa sawa kwa nguvu na kwa urefu, mageuzi hayo hugeuka kelele. Katika mageuzi ya mwisho mpigaji anatakiwa kuuweka wimbo katika eneo moja la sauti na usindikizaji katika eneo jingine, akiruka baina ya hayo mawili kwa kasi, mpaka msikilizaji asadiki kwamba wapo wapigaji wawili.

Ubora wa kazi hii kwa mwanafunzi ni kwamba inaweza kuchukuliwa kwa vipande. Anaweza kupiga utangulizi, wimbo wa msingi na mageuzi ya kwanza, akaishia hapo, na hakuna msikilizaji atakayehisi kwamba kitu kimekatwa. Usindikizaji wake ni mwepesi, na hata mpiga gitaa anayeelewa akodi za kawaida anaweza kuushika. Upungufu wake ni kwamba haimfundishi mpigaji kusimulia jambo kwa muziki. Ni kazi ya kuonyesha uhodari, na mtu anayejua kuonyesha uhodari peke yake atajikuta hana la kusema atakapofika kwenye wimbo wa taratibu. Ningemshauri kila mtu kuifanyia mazoezi, na ningesita kumshauri mtu aifanye kuwa kazi yake ya kwanza ya jukwaani.

Vasily Brandt anatoka upande mwingine kabisa. Alizaliwa Coburg nchini Ujerumani mwaka 1869 akiitwa Willy, akahamia Urusi, akawa mpiga tarumbeta wa kwanza katika Ukumbi wa Bolshoi huko Moscow na mwalimu katika Conservatoire ya mji huo, kisha akamalizia maisha yake Saratov, alikofariki mwaka 1923. Aliacha vipande viwili vya tamasha kwa tarumbeta na piano: cha kwanza, Opus 11 (namba ya kazi katika orodha ya mtunzi), kiko katika F maina, na cha pili, Opus 12, kiko katika E flati meja. Kila kimoja ni cha sehemu moja isiyokatika, na hakifiki dakika 10.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo wapigaji wengi wangepaswa kuanzia. Brandt alijua kutoka ndani ya okestra ni nini kinachomchosha mpiga tarumbeta, na kazi zake zimeandikwa na mtu ambaye midomo yake mwenyewe ilipitia uchovu huo. Wimbo haupandishwi juu kwa ajili ya kutisha tu, na unapofika kileleni mpigaji anakuwa amekwisha kuandaliwa na noti zilizotangulia. Kipande cha F maina kinapoandikwa kwa tarumbeta la B flati, ambalo noti zake huandikwa hatua nzima juu ya sauti inayosikika, kinasomeka katika G maina, na kile cha E flati kinasomeka katika F meja. Zote mbili ni funguo ambazo vidole vya mpigaji wa kawaida vinazifahamu. Tena kazi hizi zinadai mambo yote mawili, yaani kutangaza kwa sauti ya tarumbeta na kuimba kwa sauti ya mwanadamu, bila kumtaka mtu awe bingwa wa lolote kati yake. Ukilinganisha na Arban, ulimi unapumzika zaidi na pumzi ndiyo inayofanya kazi.

Kati ya hivyo viwili, mwenye sauti nene na pumzi ndefu angechukua cha kwanza, chenye giza na uzito wa Kirusi. Mwenye wepesi na uchangamfu angechukua cha pili. Tofauti ya ugumu si kubwa kiasi cha kumfanya mtu achague kinyume na tabia ya sauti yake.

Oskar Böhme ni jirani wa Brandt kwa kila namna. Alizaliwa karibu na Dresden mwaka 1870, naye akaelekea Urusi, ila yeye aliishia St. Petersburg, alikofika mwaka 1897 na kupiga katika okestra ya Ukumbi wa Mariinsky. Konseto yake, Opus 18, ilitoka mwaka 1899. Huyu ni mtu ambaye maisha yake hayapaswi kupitwa kimya na yeyote anayeipiga kazi yake: katika miaka ya ukandamizaji wa Stalin alihamishiwa Orenburg kwa lazima, na huko akauawa mwaka 1938.

Konseto ya Böhme ni miongoni mwa konseto chache sana kamili za tarumbeta zilizotoka katika kipindi cha Kimapenzi, zenye sehemu tatu na ukubwa unaofanana na konseto za fidla au piano za wakati huo. Sehemu ya kwanza ni ya wasiwasi na mwendo. Ya pili huanza kwa wimbo wa taratibu wenye hali ya ibada. Ya tatu ni rondo, yaani muziki ambao wimbo wake mkuu hurudi mara kwa mara, tena ya kuchezacheza. Kwa ujumla inachukua zaidi ya dakika 15, na hapo ndipo mtihani wake ulipo. Mpigaji anayeweza kupiga kila ukurasa wake peke yake chumbani anaweza bado kushindwa kuimaliza jukwaani, kwa sababu midomo iliyofanya kazi katika sehemu mbili za kwanza inatakiwa iwe myepesi kuliko wakati wowote katika ile ya tatu. Anayeichagua ajizoeze kuipiga nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, wiki nyingi kabla ya siku yenyewe, na asijidanganye kwa kuifanyia mazoezi sehemu moja kila siku.

Kuna jambo jingine la kuangaliwa kabla ya kununua au kupakua noti. Böhme aliandika konseto hii katika E maina kwa tarumbeta la A, chombo ambacho leo ni nadra kukikuta. Kwenye tarumbeta la A, E maina husomeka kama G maina. Mwenye tarumbeta la B flati akitaka kuipiga katika ufunguo huo wa asili, itambidi asome F-shapu maina, na vidole vyake vitakutana mara kwa mara na noti za vali ya pili na ya tatu pamoja, au zote tatu, mahali ambapo Böhme alikusudia noti nyepesi. Kwa sababu hiyo konseto imezoeleka pia katika toleo la F maina, ambalo kwenye B flati linarudi kuwa G maina, na vidole vinapata tena njia ile ile aliyoipanga mtunzi. Mimi naliona toleo hilo kuwa aminifu zaidi kwa mpigaji wa B flati, ingawa muziki unapanda kwa nusu hatua. La muhimu ni kwamba noti za piano na za tarumbeta zitoke katika toleo moja. Ukichanganya, kosa litagunduliwa kwenye mazoezi ya kwanza ya pamoja, na mpiga piano hataweza kulitatua papo hapo.

Suala hili la kuhamisha noti linawagusa kwa namna ya pekee wapigaji waliolelewa katika bendi za makanisa ya Kilutheri na ya Kimoraviani nchini Tanzania, zilizotokana na kazi ya wamisionari wa Kijerumani. Katika mapokeo ya bendi za kanisa za Ujerumani, mwenye tarumbeta la B flati husoma noti kwa sauti yake halisi: akiona B flati anapiga bomba wazi, yaani bila kubonyeza vali yoyote. Noti za Brandt, Böhme na Arban kwa B flati zimeandikwa kwa utaratibu wa okestra na bendi za jeshi, ambapo bomba wazi huandikwa C. Aliyezoea utaratibu wa kwanza hajapungukiwa na ujuzi wowote, lakini ajipe muda wa kuzoea usomaji huu wa pili kwa kutumia nyimbo nyepesi, kabla hajaanza kulaumu vidole vyake.

Tukilinganisha Brandt na Böhme ana kwa ana, lugha ya muziki inakaribiana na funguo karibu ni zile zile. Kinachowatenga ni urefu na uvumilivu. Mtu aliyekipiga kipande cha F maina cha Brandt hadharani na kubakiwa na nguvu mwishoni anaweza kuanza Böhme kwa moyo mkunjufu. Aliyekimaliza akiwa hoi asubiri mwaka.

George Enescu anasimama mbali nao wote. Mwaka 1906 aliandika Légende kwa tarumbeta na piano kwa ajili ya mtihani wa mwisho wa mwaka katika Conservatoire ya Paris, akamtunukia Merri Franquin, aliyefundisha tarumbeta chuoni hapo kuanzia mwaka 1894 hadi 1925. Franquin ndiye aliyewasukuma Wafaransa waachane na tarumbeta refu la F na kulikubali tarumbeta fupi la C, na kazi hii inaonyesha kile ambacho chombo hicho kipya kiliweza kukifanya. Inaanza taratibu na kwa uzito, sauti ikiwa ya chini na laini. Inapita katika mbio za noti za kromatiki, zinazopanda na kushuka kwa nusu hatua, ambapo ulimi unatakiwa kwenda tatu tatu kwa kasi. Inapanda hadi C ya juu. Kisha inarudi kwenye wimbo wa mwanzo ikiwa imezibwa kwa kizibo cha sauti, na inafifia hadi kimya. Yote hayo katika dakika 6 au 7 hivi.

Kimuziki, sioni kazi nyingine kati ya hizi tano inayoikaribia. Watunzi wengine wanne waliuliza tarumbeta linaweza kufanya nini. Enescu alikuwa na jambo la kusema na akalipa tarumbeta jukumu la kulisema. Ndiyo maana wengi huikimbilia, na ndiyo maana wengi huivuruga. Ufupi wake unadanganya. Böhme anachosha midomo kwa wingi wa noti, ilhali Enescu anaichosha kwa kuitaka ibadilike haraka, kutoka kunong'ona hadi kupaza sauti na kurudi tena, na mpigaji anayejua sauti moja tu ya tarumbeta hana cha kuipa kazi hii.

Hapa tena chombo kinaamua mengi. Légende iko katika C maina, na kwenye tarumbeta la C noti ya nyumbani hupigwa kwa bomba wazi, na ile inayoiongoza kuelekea nyumbani, B, hupigwa kwa vali ya pili peke yake. Kwenye tarumbeta la B flati, noti hizo mbili zinakuwa D na C-shapu. Katika eneo la chini, D hupigwa kwa vali ya kwanza na ya tatu, na C-shapu kwa vali zote tatu, na mchanganyiko wa namna hiyo hupandisha sauti kuliko inavyotakiwa, kwa sababu bomba dogo la kila vali limepimwa kana kwamba linatumika peke yake. Mpigaji inabidi avute nje bomba la vali ya tatu kila noti hizo zinapotokea, akiwa tayari ana kazi ya kutosha ya kupiga kwa sauti ndogo. Nayo ile C ya juu inakuwa D. Inawezekana, na wapo wanaoifanya vizuri, lakini asiye na tarumbeta la C au asiye na namna ya kuliazima ajue kwamba anaianza kazi hii akiwa na mzigo ambao mtunzi hakuukusudia.

Mpiga piano wa Enescu pia lazima awe mwanamuziki hasa. Sehemu yake imejaa akodi nzito na rangi nyingi, na haifai kukabidhiwa mtu anayesindikiza nyimbo za kanisani tu, hata akiwa hodari namna gani. Brandt na Böhme wanamvumilia mpiga piano wa kiwango cha kati anayejua kuhesabu. Arban anamvumilia karibu mtu yeyote.

Amebaki Ponchielli, na nimemweka mwisho kwa sababu anawafaa watu wa aina moja, tena anawafaa sana. Amilcare Ponchielli, ambaye wengi wanamfahamu kwa opera yake La Gioconda ya mwaka 1876, kabla ya umaarufu huo alikuwa kiongozi wa bendi katika mji wa Cremona. Huko, mwaka 1866, aliandika konseto ya tarumbeta katika F, Opus 123, isindikizwe na bendi ya vyombo vya kupuliza. Ni muziki wa mtu wa opera: tarumbeta linaingia kama mwimbaji, linaimba wimbo mrefu wenye hisia za wazi, kisha linaupamba kwa mageuzi yanayozidi kushika kasi hadi mwisho. Kwa ulimi inadai karibu kama Arban, na kwa uimbaji inadai zaidi yake, kwa sababu wimbo wa taratibu umeachwa wazi na hauna pa kujificha.

Ikipigwa na piano, Ponchielli hupoteza nusu ya uzuri wake, na mwenye piano peke yake afadhali achukue Brandt. Lakini mpigaji aliye katika bendi ya polisi, ya jeshi au ya magereza ana kitu ambacho mwanafunzi wa chuo mara nyingi hana, nacho ni wenzake wenye klarineti, horni, tromboni na tuba wanaokutana kila wiki. Kwa mtu huyo Opus 123 inakuwa chaguo la kwanza mbele ya zote nne, mradi kiongozi wa bendi akubali kuziangalia noti mapema, azihamishie vyombo vilivyopo pale ambapo vya Ponchielli havipatikani, na awazuie watu wa ngoma na matuba wasimfunike mpigaji katika wimbo wa taratibu.